Kiti cha gari ya mzigo kimegoma, au kinateleza chenyewe: tafuta chanzo kabla ya nyundo

Matatizo ya kiti yanayofika gerejini kwangu Machomanne, hapa Chake Chake, ni ya aina mbili, na wenye gari huyachanganya. La kwanza ni kiti kilichogoma: unanyanyua mkono wa chini, yaani kishikio cha kufungulia kiti, unajisukuma, kiti kimekufa pale pale. La pili ni kiti kinachofunguka chenyewe. Watu huja mbio kwa lile la kwanza kwa sababu linaudhi kila siku. La pili hulivumilia miezi, wakatia kipande cha ubao nyuma ya reli na safari zikaendelea. Mimi ningependa iwe kinyume chake. Kiti kilichogoma kinaumiza mgongo. Kiti kinachofunguka kinamwondoa dereva kwenye pedeli.

Msimu mmoja wa karafuu alinijia mzee mmoja na Canter yake ya zamani, jasho bado halijamkauka. Alikuwa anapanda kilima na mzigo wa magunia. Akakanyaga klachi abadilishe gia, na hapo hapo kiti kikarudi nyuma hadi mwisho wa reli. Mguu wa kushoto ukaachia klachi, gari ikazima. Wa kulia ukatafuta breki, ukaigusa kwa ncha ya kandambili tu. Akavuta hendibreki, lakini peke yake haikuuweza mzigo ule, gari ikaanza kurudi. "Mwanangu," akanambia, "kama si utingo kuruka na kigingi, leo mngenizika." Nikamwambia, "Mzee, shuka kwanza ukae, nikitazame." Kiti kile kilikuwa kimetengenezwa wiki mbili nyuma, tena kilikuwa laini kama kipya. Aliyekitengeneza alijaribu kama kinasogea, hakujaribu kama kinafunga. Nitarudi kwenye gari hii mbele.

Kilichomo chini ya kiti

Kila upande wa kiti una reli mbili. Ya chini imefungwa kwenye sakafu kwa bolti. Ya juu imefungwa kwenye fremu ya kiti, na inateleza kwa goroli au vigurudumu vidogo. Reli moja ina safu ya matundu au meno, na nyingine imebeba loki, yaani kibao cha chuma chenye meno mawili matatu yanayoingia kwenye matundu hayo. Springi huisukuma loki iingie muda wote. Mkono unaonyanyua kwa mbele una kazi moja tu, kuishinda springi na kuitoa loki. Ukiuachia, springi inairudisha. Kwa hiyo kufungua ni kazi ya mkono wako, kufunga ni kazi ya springi. Ukilishika hilo, nusu ya utafutaji umeimaliza.

Mkono uko upande mmoja na loki ziko pande mbili, kwa hiyo pana kiungo kinachopeleka mvuto upande wa pili. Kwenye gari nyingine ni waya mgumu, nyingine kebo, nyingine bomba linalozunguka chini ya kiti. Kwenye pikapu za zamani zenye kiti cha benchi kiungo hiki ni kirefu, na mara nyingi ndicho cha kwanza kuchoka. Zipo pia gari za zamani zenye loki upande mmoja, upande wa pili reli inateleza tu bila kufunga. Jua kwanza yako ni ipi, usije ukapoteza asubuhi nzima ukitafuta loki ambayo haikuwapo tangu gari ilipotoka kiwandani.

Sikiliza kabla ya kufungua

Simamisha gari pahala tambarare, tia vigingi mbele na nyuma ya tairi, toa funguo. Toa kapeti, fagia chini ya kiti, washa tochi. Simu inasaidia kuliko kioo: washa taa yake, iingize chini ya kiti na upige video kutoka mbele kwenda nyuma, kila upande. Utaona springi iliyochomoka ambayo jicho lisingeifikia.

Ukiona waya wenye soketi ya njano chini ya kiti, simama. Rangi hiyo ni ya mfumo wa mifuko ya hewa au mikanda inayojikaza kwa mlipuko. Gari za mzigo za zamani kwa kawaida hazina, lakini viti vya mtumba hubadilishwa, huwezi kujua umepewa kipi. Chomoa betri, subiri si chini ya sekunde 90, na soketi hiyo usiipime kwa taa ya majaribio.

Sasa kaa nje ya mlango, sikio karibu na sakafu, nyanyua mkono taratibu kisha uuachie ghafla. Rudia mara tano sita. Kiti kizima chenye loki mbili hutoa milio miwili iliyokaribiana sana, tak-tak, mmoja kila reli. Ukisikia mmoja tu, upande mmoja haufanyi kazi. Usiposikia kitu na mkono ni mwepesi, mvuto haufiki kwenye loki. Ukisikia mlio mzito wa kufifia kama kitu kinachotua kwenye tope, loki inarudi lakini haifiki mwisho. Mlio huo wa mwisho ndio wa hatari kuliko yote, na ndio watu wasioujali kwa kuwa kiti "kinafanya kazi".

Mkono ni mlegevu, hauna uzito

Hapa usipoteze mafuta wala muda kwenye reli. Kuna kitu kimekatika au kimechomoka kati ya mkono na loki. Anza na pini ya mkono wenyewe. Tundu lake hulika likawa na umbo la yai, na mkono ukacheza bila kuvuta chochote. Washa nene (kile kipete bapa cha chuma) na pini mpya humaliza kazi. Kisha tazama ndoano ya waya mwishoni kabisa, pale unapoingia kwenye loki, kwani waya hukatika kwenye kona na si katikati. Ikiwa ni kebo, tazama kichwa chake cha risasi, huchomoka kikabaki kimening'inia ndani ya ganda.

Pahala pa waya mgumu uliokatika weka waya mgumu mwengine wenye unene ule ule, uukunje baridi kwa koleo. Waya wa kufungia nondo usitie kabisa, ni laini, unavutika kila ukinyanyua mkono na baada ya mwezi umerefuka tena. Kwa kebo, waya wa klachi ya pikipiki unafaa kuliko wa baiskeli kwa kuwa ni mnene na kichwa chake ni imara. Lakini urefu wake ni jambo la kupima kwa makini, na sababu yake utaiona kwenye Canter ya yule mzee.

Mkono una uzito, kiti hakitembei

Hili ndilo tatizo letu kubwa visiwani, na chanzo chake nakiona kwa mpangilio ule ule kila mara: takataka, kutu, kisha reli zisizolingana.

Takataka kwanza. Nimetoa kwenye reli vifuniko vya soda, kalamu, sarafu ya shilingi 200 iliyokaa wima kama kabari, na zaidi ya vyote makonyo ya karafuu, yaani vile vijiti vyake. Makonyo yakidondoka kutoka kwenye nguo za wachumaji huingia kwenye mfereji wa reli, yakachanganyika na grisi kuukuu na vumbi, yakakauka yakawa magumu kama kigae. Ukiyachokonoa kwa msumari na kutia dizeli kidogo, harufu ya karafuu inapanda kama yameanikwa jana. Usiyasukume kwa upepo wa kompresa kabla ya kuyachokonoa, yanakwenda kujazana nyuma ya loki na huko hayatoki tena mpaka ufungue kiti. Tumia bisibisi nyembamba, brashi ya meno iliyochakaa, halafu upepo.

Kutu hapa kwetu haisubiri mvua. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani unyevu ukipita kiasi cha asilimia 75, na kwetu unyevu huo si kitu cha ajabu, usiku hata mchana. Gari inayobeba mwani au samaki kutoka Tumbe au Micheweni hudondokewa na maji ya chumvi, utingo anaingia kibini na miguu mibichi, chumvi inabaki kwenye mfereji, na kila usiku mfereji unalowa upya bila tone la mvua. Kutu nayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana reli iliyokuwa inateleza inabanwa ndani kwa ndani hata kama kwa nje haionekani mbovu.

Osha kwanza kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kisima au bomba kuondoa chumvi, ufute na ukaushe. Watu huruka hatua hii, wakatia mafuta juu ya chumvi, na kutu ikaendelea chini kwa chini. Kisha tia mafuta ya taa au dizeli, au dawa ya kutu ya kupuliza ukiwa nayo, kwenye urefu wote wa reli na kwenye mhimili wa loki, uache usiku kucha. Petroli usitumie ndani ya kibini, mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo tu. Asubuhi mtu mmoja anyanyue mkono na kuushikilia, wa pili akisukume kiti mbele na nyuma kwa mwendo mfupi mfupi, hata kama ni milimita mbili. Mwendo mfupi unaorudiwa unavunja kutu kuliko msukumo mmoja wa nguvu. Ukitaka kugonga, weka kipande cha mti juu ya fremu ya kiti, gonga mti. Ukigonga reli yenyewe inabonyea, na reli iliyobonyea haitengenezeki vizuri tena.

Na mkono usiuvute kwa bomba la kurefushia. Chuma chake ni chembamba, kitapinda, na mkono uliopinda hautoi loki yote hata ukishamaliza kutu.

Sasa kuna mtego ambao umewalaza mafundi wengi njaa. Bolti za nyuma za reli huonekana kiti kikiwa mbele, za mbele huonekana kiti kikiwa nyuma. Kiti kilichogoma nyuma kabisa kimezifunika zile za nyuma, huwezi kukitoa mpaka kisogee, na hakisogei mpaka ukitoe. Suluhisho ni kuuacha mkono kabisa na kuiendea loki yenyewe. Ingiza bisibisi ndefu kutoka mbele upande mmoja, ibonye loki itoke, mwenzio afanye hivyo upande wa pili kwa wakati mmoja, na mtu wa tatu avute kiti. Ikishindikana, tazama kama fremu ya kiti imefungwa kwenye reli za juu kwa nati nne. Zilegeze hizo, toa kiti na sponji yake, reli zibaki sakafuni wazi mbele yako. Nimeokoa siku nyingi kwa njia hii.

Bolti za sakafuni kwenye gari za Japani mara nyingi ni za spana namba 12 au 14. Zikiwa zimeshika kutu zitie mafuta kutoka chini ya gari, kwa kuwa ncha zake mara nyingi zimetokeza huko na ndizo zilizokula chumvi. Zikaze kidogo kwanza, zikishituka ndipo ulegeze. Ikikatika ukalazimika kununua mpya, chunguza uzi. Bolti ya milimita 10 ya gari ya Japani mara nyingi ina hatua ya uzi, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 1.25, na ile ya dukani kwa vifaa vya ujenzi kwa kawaida ni 1.5. Kwa macho zinafanana. Utaizungusha kwa vidole mizunguko miwili kisha inakaza. Ukiilazimisha kwa spana umeua nati iliyochomelewa sakafuni, na hapo kazi ya saa moja imekuwa ya siku mbili. Chagua yenye alama 8.8 kichwani au zaidi, kwa sababu bolti hii inambeba mtu gari inapogonga.

Chanzo cha tatu, reli zisizolingana, hutokea baada ya kiti kutolewa na kurudishwa. Fundi amesahau washa moja, au sakafu imeliwa na kutu upande mmoja ikabonyea. Dalili yake ni kwamba kiti kinakaza pahala pamoja tu, mwanzo au mwisho wa mwendo. Legeza bolti zote nne nusu mzunguko, sukuma kiti hadi mwisho wa mbele na mwisho wa nyuma mara kadhaa ili reli zijipange zenyewe. Kisha kiti kikiwa mbele kaza za nyuma, kikiwa nyuma kaza za mbele. Kikiwa bado kinakaza, pima kwa rula umbali kati ya reli mbili, mbele na nyuma. Vipimo vikitofautiana, tatizo liko kwenye sakafu na hata ukibadilisha reli utarudi pale pale.

Kiti kinakwenda kombo

Upande wa mkono umefunguka, wa pili umeshika. Kiungo kimerefuka, au loki ya upande wa pili imekwama kwa kutu. Kutofautisha ni rahisi: bonya loki ya upande wa pili kwa bisibisi. Ikitoka kwa ulaini, kiungo ni kirefu, kifupishe. Ikikataa, kiungo hakina kosa, isafishe loki. Usikifupishe kiungo ili kishinde kutu, maana kutu ikiisha kiungo kitakuwa kifupi mno, na huko ndiko tunakokwenda sasa.

Kiti kinateleza chenyewe

Tatizo hili likionekana, gari isimame. Siyo mpaka Jumamosi, siyo mpaka mzigo huu ufike Mkoani. Isimame pale ilipo mpaka ijulikane kwa nini loki haiingii.

Nilipotazama chini ya kiti cha yule mzee nilikuta kazi safi kwa macho. Kiungo kilichokatika kilikuwa kimebadilishwa kwa waya mpya wa breki ya baiskeli, umefungwa kwa klipu, umevutwa ukanyooka kama uzi wa kinanda. Mkono ukiugusa tu, kiti kinatoka. Lakini waya uliokazwa hivyo unaivuta loki muda wote, hata mkono ukiwa umelala. Springi ya loki ya kushoto ilikuwa inashindana na waya, na waya ukishinda. Meno yalikuwa yanashika kwa ncha tu, milimita mbili hivi. Upande wa kulia nako matundu ya reli yalikuwa yamejaa makonyo, loki ikikaa juu yake badala ya kuzama. Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa zimefunga nusu, na nusu na nusu hapa hazifanyi nzima. Barabara tambarare zilivumilia. Kwenye kilima, mzee alipojikaza mgongo kwenye kiti akanyage klachi, zikaachia kwa pamoja.

Nilitoa makonyo, nikarefusha waya mpaka mkono ukawa na mchezo wa kama milimita tano kabla ya kuanza kuvuta. Mchezo huo mdogo ndio ushahidi kwamba waya haujaigusa loki. Mkono usio na mchezo hata kidogo unashukiwa, hata kama unafungua kiti vizuri sana.

Springi dhaifu ndiyo sababu inayofuata. Kwa chumvi yetu huliwa kwenye ndoano zake. Usiikate ukaifupisha ili ikaze, chukua yenye unene na urefu ule ule kutoka kiti cha mtumba. Ukibahatika kupata mbili badilisha zote, kwani zimezeeka pamoja.

Halafu meno. Mwangaza wa tochi haukuonyeshi yamelika kiasi gani, chaki ya skuli inakuonyesha. Kausha meno ya loki, yasugue kwa chaki mpaka yawe meupe, funga loki, jisukume mbele na nyuma mara mbili tatu, kisha ifungue. Chaki itakuwa imefutika pale chuma kilipogusana. Ikifutika kwenye urefu mwingi wa jino, loki inazama vizuri. Ikifutika ncha tu, haizami. Ikifutika jino moja kati ya matatu, mzigo wote unabebwa na jino hilo, na hilo litakatika siku moja bila ya kukuaga. Meno yaliyoviringika kona hayanolewi kwa faili yakawa mapya, unayapunguza tu. Tafuta seti nzima ya reli, kulia na kushoto, za gari ya aina ile ile.

Hapa ndipo watu hunambia, "Fundi, choma tu, mimi peke yangu ndiye ninayeiendesha." Nakataa, na napenda ukatae na wewe. Meno ya loki ni chuma kilichotiwa ugumu kwa moto wa kiasi. Moto wa kuchomelea unakirudisha kuwa laini, kikalika haraka kuliko mwanzo. Ukijaza jino kwa welding utapata jino nene linaloonekana zuri na haliingii tunduni. Na ukikichoma kiti kizima kisisogee, siku dereva mwengine mfupi au mrefu akiikamata gari, atakanyaga breki kwa ncha ya kidole. Sponji ya viti nayo ikishika moto hutoa moshi wa sumu kali, ndani ya kibini chenye milango miwili tu. Kama kuna kuchomelea kwa lazima, mathalani ufa wa sakafu, kiti kitoke nje ya gari, betri ichomolewe, na mtu asimame na ndoo ya mchanga, akitazama pia chini ya gari zinakopita nyaya na paipu za mafuta.

Na ubao nyuma ya reli? Unazuia kiti kurudi nyuma, hauzuii kwenda mbele. Gari ikigonga, mwili unakwenda mbele.

Kiti kinagonga na kutikisika

Mara nyingi ni bolti zilizolegea au goroli zilizolika. Kaza bolti kwanza, jaribu. Kama bolti zimekaza na kiti bado kinacheza, tazama ufa kwenye sakafu pembeni mwa bolti, hasa chini ya kona ya nyuma. Ufa ni kazi ya fundi bodi.

Mgongo wa kiti haukunjiki, au unaanguka

Kwenye pikapu za kibini kimoja, kama Hilux za zamani, mgongo wa kiti hukunjwa mbele ili ufikie jeki na spana zilizowekwa nyuma yake. Ukigoma wakati tairi limepasuka usiku, ndipo utakapoujua umuhimu wake. Toa kifuniko cha plastiki pembeni, mara nyingi kina skrubu moja au mbili. Chini yake kuna kipande chenye meno cha nusu duara, ulimi unaokishika, na springi bapa iliyozungushwa kama konokono. Sababu ya kawaida ni ulimi ulioshika kutu kwenye pini yake: mafuta ya kupenya, kungoja, kuuchezesha. Sababu ya pili ni kifimbo kinachounganisha mkono na ulimi kuchomoka, nacho kinarudi kwa klipu ndogo.

Springi ile ya konokono usiichomoe kwa bisibisi huku umeinamia. Imejikunja kwa nguvu na inaruka ikiachiwa. Ulaze mgongo wa kiti mbele kabisa uone kama springi imelegea. Ikiwa bado imekaza, ishike kwa koleo la kufunga na uso wako uwe pembeni. Mgongo unaoanguka nyuma wenyewe una meno yaliyolika, na hukumu yake ni ile ile ya reli: badilisha kipande kizima.

Kiti kinachofunika injini

Kwenye Townace, Liteace na kirikuu nyingi za zamani injini iko chini ya viti, na kiti hunyanyuliwa kwa kufungua ndoano. Joto la injini linakausha grisi ya ndoano mpaka ikawa kama lami, na mpira wa kuzibia moshi unakauka ukaganda kwenye chuma. Ikigoma, wasaidizi wawili wakandamize kiti chini kwa uzito wao huku wewe ukifungua. Kukandamiza kunaiondolea ndoano mzigo na mara nyingi inaachia papo hapo. Isafishe, ipake grisi ya kuhimili joto kidogo sana, na uhakikishe inashika kabla ya kuondoka. Kiti cha aina hii kikifunguka njiani huingiza kibini joto na moshi wa injini.

Mafuta ya mwisho, na kujaribu

Reli ikishakuwa safi, watu hutaka kuijaza grisi. Grisi nyingi ni mtego wa mchanga. Paka utando mwembamba wa grisi nyeupe kwenye njia ya goroli, futa iliyozidi kwa kitambaa, na meno ya loki yaache makavu au na tone moja la oili nyepesi kwenye mhimili tu. Oili chafu ya injini ina masizi yanayosaga. Mafuta ya nazi, ambayo nayakuta sana kwenye gari za shamba, yanakamata vumbi yakawa gundi. Na mkanda wa kiti ukae mbali na mafuta yote haya.

Kisha jaribu kufunga. Sogeza kiti tundu moja moja kutoka mbele mpaka nyuma. Kila tundu, achia mkono bila kuusaidia kurudi, sikiliza tak-tak, weka miguu kwenye ukuta wa mbele wa kibini, si kwenye pedeli, na ujisukume nyuma kwa nguvu zako zote. Halafu shika usukani ujivute mbele. Fanya hivyo kila tundu, hata lile usilolitumia, kwa kuwa dereva mwengine atalitumia. Tundu moja likiachia, gari haijapona. Yule mzee nilimfanyisha jaribio hili mwenyewe, kwa uzito wake na miguu yake, mara tatu kila tundu, mpaka utingo akaanza kulalamika kwamba magunia yanangojwa. "Yangoje," mzee akamjibu, akasogeza tundu jengine.

Gari ya mwani au samaki ioshwe reli kwa maji baridi kila baada ya wiki moja, ikaushwe mlango ukiwa wazi juani, na grisi nyembamba irudiwe kila mwezi. Ya karafuu, chokonoa matundu ya reli kila mwisho wa juma wakati wa msimu. Kazi hiyo inachukua dakika kumi, na bisibisi moja inatosha.